Mkongwe wa gazeti anapoingia chuo kikuu: dhana na ukweli

Ikisikika kwamba mhariri fulani wa siku nyingi sasa anafundisha uandishi wa habari chuo kikuu, maneno hayakosekani. Wengine humhurumia, wengine husema ameula. Pande zote mbili hukosea.

Dhana: Anayekimbilia kufundisha ameishiwa

Wawe hai au marehemu, wakongwe wengi wa Afrika Mashariki waliingia darasani wakiwa na majina makubwa. Joe Kadhi wa Kenya alikuwa ameshashika uhariri mtendaji wa Daily Nation kabla ya kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na USIU, chuo kikuu binafsi cha jijini humo. Njia yenyewe pia ina kwenda na kurudi: Ayub Rioba aliandika magazetini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha mwaka 2016 akateuliwa kuongoza TBC, shirika la utangazaji la taifa la Tanzania.

Lipo hata hivyo jambo la kukiri. Wasomaji wamehamia kwenye simu, mauzo ya magazeti yameshuka, na kampuni zimepunguza watu. Baadhi ya waliopunguzwa ndio hao wanaobisha hodi vyuoni, na kalamu zao bado ni kali.

Dhana: Miaka 30 gazetini inamtosha kuajiriwa

Chuo huanza na vyeti. Tanzania na Kenya, anayetaka cheo cha mhadhiri kwa kawaida anatakiwa awe na shahada ya uzamivu. Mwenye uzamili huanzia ngazi za chini yake. Mkongwe aliyeingia gazetini na stashahada, akapanda kwa jasho hadi kuwa mhariri, ana mawili: arudi shule akae na vijana wa umri wa wanawe, au akubali kufundisha kwa muda na kulipwa kwa saa.

Kinachochekesha ni kwamba fani hii ilianza kinyume chake. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua shule ya uandishi wa habari inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Mkuu wake, Walter Williams, alikuwa mhariri wa gazeti ambaye hakuwa na shahada hata moja. Mwaka 1931 akawa rais wa chuo kizima. Leo barua yake ya maombi ya kazi isingevuka masijala.

Dhana: Ajuaye kuandika anajua kufundisha

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na ndipo ningependa kukaa kidogo.

Mhariri aliyezoea kufunga kurasa usiku hana muda wa kueleza. Stori mbovu ikifika mezani kwake, anaivunja na kuijenga upya mwenyewe: aya ya tano inapanda juu, maneno ya msemaji yanakatwa, takwimu yenye shaka inatolewa. Dakika 15, gazeti linakwenda mtamboni. Mwandishi atajionea kesho jina lake juu ya kazi ambayo haitambui.

Akifanya hivyo darasani, mwanafunzi anapata stori nzuri na hajifunzi kitu. Mwalimu lazima azuie mkono wake, aulize pembeni ya karatasi: umejuaje hili? Nani mwingine alikuwepo? Huyu uliyemshutumu umempigia simu? Kisha airudishe, na isubiriwe iandikwe tena. Na hiyo ni karatasi moja. Darasa la uandishi wa habari linaweza kuwa na watu zaidi ya mia.

Kuna ugumu mwingine. Mkongwe "ananusa" habari bila kujua anavyonusa. Anasoma ripoti ya halmashauri na jicho linatua kwenye mradi uliolipiwa mara mbili. Mwanafunzi akiuliza, "Mzee, umeuonaje?" jibu la "utazoea tu" halifai. Inabidi alifumue jicho lake mwenyewe: huanza na mwisho wa jedwali, hulinganisha na bajeti ya mwaka jana, hutafuta jina linalojirudia. Wengine hugundua hapo kwamba kwa miaka yote hawakuwahi kuyasema hayo kwa sauti.

Dhana: Atasimulia enzi za taipureta tu

Wapo wa namna hiyo, tusifichane. Lakini yanayomponza mwandishi kijana leo, kama kashfa dhidi ya mtu, habari za mahakamani, bahasha ya pesa mwishoni mwa mkutano na waandishi, ni mambo ambayo mkongwe ameyapitia. Kuhariri video kwa simu anaweza kufundisha mwingine. Tena darasa si lazima liwe la maneno matupu: siku masomo ya Missouri yalipoanza, Septemba 14, 1908, ndiyo siku gazeti la wanafunzi lilipotoka. Dar es Salaam, chuo kikuu kina redio na televisheni ya Mlimani.

Dhana: Mkongwe akimpigia mhariri simu moja, mwanafunzi anapata ajira

Simu hiyo humpatia mwanafunzi nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na hata hapo mhariri wa zamu atamsahau asipoleta stori. Ajira ni suala jingine. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa stori iliyochapishwa, bila mkataba wala nauli. Mkongwe mwungwana huwaeleza wanafunzi hivyo semista ya kwanza, kabla hawajalipa ada ya pili.