Urefu wa treni ya Bara ulipangwa na nini?

Wasafiri wa zamani wa Reli ya Kati, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Bara, wakikaa kuzungumza, hawakosi kusema kwamba treni za enzi zile zilikuwa ndefu. Ni kweli. Tatizo ni sababu wanayoitoa, kwamba zamani abiria walikuwa wengi. Watu wa Kigoma, Tabora na Shinyanga hawajapungua hata siku moja, na hamu yao ya kufika Dar es Salaam haijapungua pia. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kukagua mabehewa sikuwahi kuona urefu wa treni ukipangwa kwa kuhesabu tiketi zilizouzwa. Ulipangwa na nguvu ya kichwa, yaani injini inayovuta treni, ukali wa mlima, urefu wa njia ya kupishania, na zaidi ya hayo yote, idadi ya mabehewa mazima yaliyokuwepo asubuhi ile kwenye yadi ya kuegeshea.

Tuanze na reli yenyewe. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Tabora kwenda Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Yote ni geji ya mita moja, yaani upana wa njia kati ya reli mbili, na kwa sehemu kubwa ilitandikwa reli nyepesi. Kuna vipande ambavyo kwa miongo mingi vilibaki na reli zenye uzito wa ratili 56 hivi kwa kila yadi moja ya urefu. Reli nyepesi haivumilii ekseli (mhimili wa magurudumu) iliyobeba uzito mkubwa, kwa hiyo huwezi kuleta kichwa kizito ukasema kivute chochote utakacho. Ndiyo maana Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilipenda sana injini za mvuke za aina ya Garratt. Garratt ina seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, na tangi la mvuke limening'inia katikati, hivyo uzito unagawanywa kwenye ekseli nyingi. Zile kubwa kuliko zote, daraja la 59, zilitengenezwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na iliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mlima unaopanda mita 1.5 kwa kila mita 100. Lakini kila ekseli yake ilibeba hadi tani 21, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito, na hasa kwa mizigo. Huku kwetu tulikuwa na Garratt nyepesi, za daraja la 60, ambazo ekseli yake ilibeba karibu nusu ya uzito huo.

Hapo utaona kwamba urefu wa treni ya abiria ya Mwanza ulikwisha kuwekewa mpaka na chuma kilicholazwa ardhini kabla ya mtu yeyote kufika dirishani kukata tiketi.

Dizeli zilipochukua nafasi, hesabu ilibaki ileile. Vichwa vya daraja la 88, vilivyoletwa kutoka Kanada mwaka 1972, vilikuwa na nguvu ya farasi 2,000. Vile vya daraja la 73, vilivyotoka India mwaka 1975, vilikuwa vidogo kuliko hivyo. Chukua kichwa kimoja cha 88 na mabehewa 17, na tuseme kila behewa lina tani 35. Hizo ni tani 595, ukiongeza kichwa chenyewe unakaribia 700. Kwenye mlima unaopanda mita 2 kwa kila mita 100, kila tani inahitaji kusukumwa kwa nguvu ya kilo 20 kupambana na mlima peke yake, na kilo nne hivi nyingine kwa ajili ya msuguano na kona. Ukizidisha unapata karibu tani 17 za nguvu. Kichwa cha farasi 2,000, baada ya kupoteza sehemu ya nguvu kwenye jenereta na mota zake, kitaupanda mlima huo kwa mwendo wa kilomita 26 au 27 kwa saa. Kikipungukiwa nguvu kidogo tu, kwa mfano turbo imechoka au mota moja imezimwa, mwendo unashuka zaidi, mota zinapata moto, na dereva anaanza kuomba Mungu amfikishe kileleni. Ongeza mabehewa matano na hufiki. Aliyewahi kupanda treni ya Bara kwenye ngazi ya Bonde la Ufa, karibu na Saranda, anaujua ule mwendo ambao mtu anaweza kushuka akatembea pembeni.

Sasa angalia jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Behewa la daraja la tatu likijaa watu 80, na kila mmoja tumpe kilo 65, abiria wote pamoja ni tani tano na kidogo. Behewa tupu ni tani 35. Maana yake kichwa cha treni karibu hakiwahisi abiria. Kinachokichosha ni mabehewa. Ukiondoa mabehewa matatu mabovu na kuwabana abiria wake kwenye yaliyobaki, treni inakuwa nyepesi na inapanda mlima vizuri zaidi. Kwa mtazamo wa mtu wa kichwa, hiyo ni nafuu. Kwa mama aliyesimama kutoka Morogoro hadi Manyoni na mtoto mgongoni, hiyo ni adhabu. Msongamano wa treni zetu una mizizi hapa: ni rahisi mno kiufundi kufupisha treni bila kupunguza abiria.

Mpangilio wa treni nao ulikuwa na akili yake. Treni ilitoka Dar es Salaam ikiwa moja, lakini ndani yake zilikuwa treni mbili, wakati mwingine tatu. Ikifika Tabora, kilomita 840 hivi kutoka pwani, ilikatwa: kipande kimoja kiende Kigoma, kingine Mwanza, na mabehewa ya Mpanda yaungwe kwenye treni ya tawi lile linaloanzia Kaliua. Kwa hiyo huwezi kupanga madaraja unavyotaka. Lazima mabehewa ya Mwanza yakae pamoja na ya Kigoma yakae pamoja, na kila kipande kiwe na la kulala la daraja la kwanza lenye vyumba vya vitanda viwili, la pili lenye vyumba vya vitanda sita, ya daraja la tatu, na mahali pa gadi (msimamizi wa treni) na vifurushi. Ndiyo maana treni ya Bara ilikuwa ndefu kuliko ambavyo njia moja peke yake ingehitaji. Urefu ule uliokuwa ukiushangaa pale stesheni ya Dar ulikuwa urefu wa kuazima, unaoishia Tabora.

Pale Tabora kazi ilikuwa nzito. Kichwa cha kushanti, yaani cha kupanga mabehewa, kinavuta kipande hiki, kinasukuma kile, abiria wamo ndani wamelala, wengine wameshuka kununua asali na karanga. Gadi alipita behewa kwa behewa kuuliza nani anakwenda wapi, kwa sababu aliyekuwa amemtembelea jamaa yake kwenye behewa la jirani na kusinzia humo aliweza kuamka akielekea ziwa lisilo lake.

Na lazima niseme kuhusu majukwaa. Stesheni nyingi za kati zilijengewa jukwaa fupi. Treni ya mabehewa 17 au 18 inaposimama stesheni ndogo, ni mabehewa machache tu yanayopata jukwaa. Waliobaki wanashukia kokoto, na mizigo inapita madirishani. Njia za kupishania nazo zina urefu wake. Reli ni moja, kwa hiyo treni mbili zinazokutana lazima moja iingie pembeni na mkia wake usibaki nje. Treni ikizidi njia hiyo, mpishano unahamia stesheni nyingine yenye nafasi, na saa mbili zimepotea.

Eneo lililonihusu mimi hasa ni chini ya sakafu. Behewa la abiria la wakati ule lilikuwa na dinamo iliyofungwa chini na kuzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli, ikichaji betri ambazo ziliwasha taa na feni. Mkanda ukikatika, behewa zima linakaa gizani usiku wote hata kama kila kitu kingine ni kizima. Juu ya paa kuna tangi la maji linalojazwa kwenye stesheni kubwa. Kisha kuna bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu, zenye springi, magurudumu yenye ukingo unaolika kwenye kona, na bomba la breki linalopita kutoka kichwani hadi mkiani. Kila behewa unaloongeza linaongeza mipira ya kuunganishia bomba, na kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja. Treni ndefu inachelewa kukaza breki mkiani na inachelewa kulegeza. Mkaguzi hufika behewa la mwisho, huangalia kipimo cha shinikizo la breki, humwashiria dereva afunge breki, kisha hupita upande mmoja na kurudi upande wa pili akiangalia kama kila kiatu cha breki kimeshika gurudumu. Hakuna njia ya mkato hapo. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Kila ninapofikiri juu ya urefu wa treni huifikiria breki kwanza, na ningependa kila anayezipenda treni ndefu afanye hivyo.

Kilichozifupisha treni zetu kilikuja polepole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya reli iligawanywa na Tanzania ikaanzisha Shirika lake la Reli. Karakana kuu ya matengenezo makubwa ilikuwa Nairobi, na ikabaki huko. Sisi tulibaki na mabehewa, tukaanza kujenga uwezo wa kuyatengeneza, ikiwemo karakana ya dizeli ya Morogoro. Behewa haliharibiki lote kwa siku moja. Linaingia karakana kwa kukosa bearingi, linasubiri fedha za kigeni, na wakati linasubiri linachomolewa springi ili la jirani litoke. Mwezi unaofuata linachomolewa dinamo, kisha vioo, kisha viti. Baada ya mwaka, behewa lililokuwa na kasoro moja limebaki mifupa. Nimeona safu ya mabehewa namna hiyo na bado inaniuma, maana kila moja lilikuwa safari za maelfu ya watu. Mafuriko nayo yalimaliza kazi: El Niño ya 1997 na 1998, na tena mvua za kuingia mwaka 2010 zilizoichukua reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Mwaka 2015 ilianza treni ya Deluxe yenye mabehewa mapya kutoka Korea Kusini. Mwaka 2024 ikaja reli ya kisasa ya umeme hadi Dodoma, na ile treni iitwayo Mchongoko, yenye mabehewa manane ambayo mota zake zimetawanywa chini ya mabehewa yenyewe. Hilo linabadilisha hesabu yangu yote ya juu, kwa kuwa ukiunganisha seti mbili umeongeza nguvu pamoja na uzito, na mlima haukuulizi tena una kichwa gani. Ni hatua kubwa na ninaifurahia kwa moyo wote. Lakini kutoka Dodoma kwenda Tabora, Mwanza na Kigoma, treni ya abiria bado inapita kwenye geji ya mita, na hesabu ya kichwa na mlima bado ni ileile.

Ombi langu ni kwa wenye mamlaka ya kuhifadhi. Nairobi kuna makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Pale utaikuta Garratt 5918, Mount Gelai, na hata lile behewa ambamo simba alimkamata ofisa wa polisi Ryall kwenye stesheni ya Kima, Kenya, mwaka 1900. Sisi tuna mabehewa ya daraja la tatu ya enzi ya Jumuiya ambayo bado yana benchi zake, na yanaozea pembeni mwa njia. Lichaguliwe moja, lirudishiwe dinamo yake, mkanda na tangi la paa, liwekwe Tabora penye kivuli. Mafundi waliowahi kuyatengeneza bado wapo na wanakumbuka kila nati, lakini wengi wao wamekwisha kustaafu.