Kimya cha kundini: dhana potofu kuhusu kuongoza timu iliyo mbali

Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini iko Mombasa, lakini ukipanda ngazi utatukuta watu watatu tu. Wenzetu wengine wako Nairobi, Malaba (mpakani mwa Kenya na Uganda) na Kampala, na mmoja yuko Kigali. Nimewasimamia kwa simu na maandishi miaka kadhaa sasa, na karibu kila dhana nitakayoitaja hapa niliwahi kuiamini mwenyewe.

Tuanze na ile isemayo kwamba kazi ya namna hii ilizuka juzi, wakati wa korona. Wanaosema hivyo hawajaketi na wazee wa Mji wa Kale. Mfanyabiashara wa hapa alikuwa na wakala Lamu, Zanzibar, hata Maskati, na barua yake ilipanda jahazi kwa kungoja kaskazi au kusi. Ukikosea kuandika, kosa lilikaa huko mpaka upepo ugeuke. Sisi tunaoweza kufuta ujumbe baada ya dakika mbili ndio tunaoandika ovyo.

"Nikimwona uso, najua ameelewa"

Dhana hii ndiyo inayowafanya wasimamizi waitishe kikao cha video kila asubuhi. Kwenye semina huja na takwimu yake: eti asilimia 93 ya mawasiliano haimo katika maneno. Takwimu hiyo ina mwenyewe. Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha tafiti mbili mwaka 1967 kuhusu jinsi watu wanavyotambua hisia. Mtu alisikilizishwa neno moja moja, au kuonyeshwa picha ya uso, kisha akaulizwa kama msemaji anampenda mwenziwe au la. Hapo ndipo zilipotoka 7 za maneno, 38 za sauti na 55 za uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yasiyo ya hisia. Ingekuwa vinginevyo, nahodha wa Kigujarati angepatana bei na wachukuzi wetu kwa kukunja uso tu. Namba ya kontena haina uso. Inataka kuandikwa, tena sawasawa.

Sisemi video haina kazi. Ukimpokea mtu mpya, ukiwa na habari mbaya, au wawili wakigombana, washa kamera. Lakini usishangae timu ikichoka. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja sababu nne: kukodolewa macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kusoma ishara. Anashauri uifiche picha yako mwenyewe usiione, na mara nyingine mzungumze kwa sauti tu. Mimi naongeza la kwetu: bando la kijana wa Malaba si la kuchezea.

"Hakuna aliyepinga, basi tumekubaliana"

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Tangu utaratibu wa forodha ya pamoja ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Kwa hiyo mimi niliye hatua chache kutoka bandarini namtegemea aliyekaa Kampala. Alhamisi moja niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Ile entri (yaani tamko la forodha) ya mteja wa vigae imalizwe kabla ya wikendi." Wote wakasoma, tiki zikageuka buluu. Wawili wakajibu "sawa", mmoja "inshallah". Nikaenda zangu kunywa kahawa.

Jumatatu entri haipo. Wa Kampala alidhani inashughulikiwa Nairobi. Wa Nairobi alikuwa ameona kwamba uzani kwenye ankara haulingani na ule wa manifesti, ile orodha ya shehena ya meli, akanyamaza. Siku za kuhifadhiwa bure zikaisha, kontena likaanza kulipiwa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, nilidhani umeshaona."

Ningemlaumu vipi? Kijana aliyelelewa vizuri hamsahihishi mkubwa wake mbele za watu, na kundi la WhatsApp ni mbele za watu. Hata "inshallah" ina sura zake: kuna ya mtu aliyeazimia, na kuna ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo. Ana kwa ana ungezitofautisha kwa sauti. Kwenye maandishi zote zina herufi zilezile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa safari hiyo ulikuja kwa umbo la bili.

Siku hizi agizo langu lina jina la mtu mmoja, jambo moja na wakati wake. Kisha namwomba anirudishie alivyoelewa kwa maneno yake, kama rubani anavyomsomea tena mwongoza ndege maelekezo muhimu. Mwanzoni walidhani nawadharau, mpaka waliponiona nami nikifanya hivyo kwa wateja. Siulizi tena "mmeelewa?", kwa kuwa jibu lake ni "ndiyo" tangu darasa la kwanza. Nauliza "nini kinaweza kutukwamisha hapa?" Na wakubwa husema mwisho, mimi wa mwisho kabisa. Mwenye neno zito nampigia simu pembeni. Mengi niliyoyajua kwa wakati niliyapata huko, si kundini.

"Salamu zinapoteza muda"

Mtu wa pwani akipokea agizo lisilo na salamu, kwanza anajiuliza amekosa nini. Msalimie. Kosa ni kuandika "Hujambo?" peke yake, kisha ukakaa ukingoja ajibu ndipo useme shida. Salamu na shida visafiri chombo kimoja.

"Wananijua, utani wangu wataushika"

Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio juu ya kejeli kwenye barua pepe. Waandishi waliamini karibu wasomaji wanane kati ya kumi watatambua kipi ni mzaha na kipi si mzaha. Waliopatia walikuwa kama asilimia 56, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Basi utani uweke kwenye ujumbe wa sauti. (Lakini tafadhali, usinitumie namba ya kontena kwa sauti ya dakika nne. Siku ya kuitafuta nitaipata wapi?)

"Saa tatu ni saa tatu"

Mombasa, Nairobi na Kampala tunatumia saa zilezile. Kigali, Bujumbura na Goma wako nyuma yetu kwa saa nzima, na Juba imekuwa hivyo tangu Februari 1, 2021. Hapo hujagusa tatizo la pili: ukimwambia Mswahili saa tatu asubuhi anakuja saa tatu baada ya jua kuchomoza, na aliyezoea simu ya Kiingereza anaona 3:00. Nimewahi kufanya kikao na nusu ya timu kwa sababu hiyo. Andika hivi: "saa tatu asubuhi, 09:00 saa za Mombasa." Inachosha, lakini mtakutana.

"Sote tumo kundini, kwa hiyo sote tuna habari"

Kampuni ya Microsoft ilichunguza mawasiliano ya wafanyakazi wake 61,182 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020. Walipohamia kazi ya mbali, kila kikundi kilijifungia zaidi chenyewe, na madaraja kati ya kikundi na kikundi yakapungua. Wanaokaa baraza moja wanajuana mpaka gonjwa la mtoto. Ukiliondoa baraza, kikao cha ripoti hakilirudishi. Sisi kila Jumatano huwakutanisha wawili wa vituo tofauti kwa simu ya robo saa, bila ajenda. Mwanzoni nilidhani ni upuzi. Sasa wa Malaba ndiye anayemtonya wa Kigali foleni ya malori ikianza kurefuka.

Wapo pia wanaoamini kitone cha kijani kikiwaka mtu yuko kazini. Kitone hukuambia simu iko mkononi, basi.

"Intaneti ikikatika, kazi imesimama"

Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zikabaki zikikokota. Video hazikufunguka. Kazi ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa ni za nani, nini, na lini, ziliendelea kwa SMS na simu ya kawaida. Zile zilizokuwa zikingoja kikao cha asubuhi ndizo zilizolala. Tangu hapo, karatasi yenye namba za simu za wote imebandikwa ukutani kwangu, juu ya birika la chai.