Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya

Wengi huamini kwamba kiyoyozi chenye sehemu moja ndani na nyingine nje ya nyumba huvuta hewa ya nje, huipoza na kuisambaza chumbani, hivyo madirisha yanaweza kubaki yamefungwa. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa mabomba yanayopenya ukuta yanaonekana wazi. Hata hivyo, kwa kawaida mabomba hayo hupitisha kipoozi kinachobeba joto la ndani na kulitoa nje, pamoja na maji yanayotokana na unyevu. Hewa ya chumbani ni ileile inayozungushwa. Vipo vichache vyenye njia ya hewa ya nje, lakini vijitabu vyake vya maelezo hulitaja jambo hilo.

Anayetaka kuhakiki atumie kipimo cha kabonidioksidi, gesi tunayoitoa tunapopumua na ambayo hujikusanya pasipoingia hewa mpya: hewa ya nje huonyesha takriban sehemu 420 kwa milioni, ilhali chumba kilichofungwa wanamolala watu wawili huweza kupita 1,000 kabla ya alfajiri, hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi.

Kwa hiyo upitishaji wa hewa hupangwa peke yake, kwa madirisha yanayokabiliana au feni ya kutolea hewa, ambayo nayo (hili husahaulika kirahisi) haifanyi kazi vyema pasipo upenyo wa kuingizia hewa nyingine.