Ada ya mkupuo kwa wakili: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Mawakili wametoza kwa saa tangu zamani.” Hapana. Nchini Marekani, vyama vya mawakili viliwahi kuchapisha orodha za ada za chini kwa kila kazi. Familia ya Goldfarb ilipotaka hati ya nyumba ikaguliwe huko Virginia, iliwaandikia mawakili 36. Wakajibu 19, na hakuna aliyekubali kushuka chini ya orodha. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ikasema huko ni kupanga bei kinyume cha sheria. Kufikia hapo, mtindo wa saa ulikuwa umeshaanza kuota mizizi.

“Ukishalipa mkupuo, hudaiwi tena.” Hapa ndipo wengi huumia. Mkupuo, yaani bei moja iliyokubaliwa mapema, hununua kazi iliyotajwa kwenye mkataba tu. Chukua sentensi hii: “Kuandaa na kuwasilisha maombi ya talaka isiyopingwa.” Neno la mwisho ndilo lililobeba bei. Mwenzio akileta pingamizi, hiyo ni kazi nyingine na ada nyingine. Kabla ya kutia saini, uliza: ada za mahakama zimo? Rasimu itarekebishwa mara ngapi? Rufaa je? Wakili asiyetaka kuyaandika majibu, mimi ningemuaga hapo hapo.

“Wa mkupuo hulipua kazi.” Kishawishi kipo, sikatai. Lakini wa saa naye ana chake: saa hukatwa vipande vya dakika 6, hivyo simu ya dakika 2 huingia kwenye ankara kama dakika 6. Kwa kesi ndefu, napendelea mkupuo wa hatua kwa hatua, kila hatua na bei yake.

“Usiposhinda, hulipi kitu.” Huo ni mpango mwingine, wa kulipa ukishinda tu. Ada ya wakili huenda usilipe. Gharama za nakala na mashahidi wataalamu hutegemea mkataba, na Uingereza aliyeshindwa kwa kawaida hubebeshwa pia gharama za mshindi.

“Mkupuo haurudishwi.” Mwaka 2023, kamati ya maadili ya Chama cha Mawakili cha Marekani ilieleza kwamba ada iliyolipwa mapema hubaki mali ya mteja, kwenye akaunti ya amana, hadi wakili aifanyie kazi. Kisichofanyiwa kazi hurudishwa, hata kama mkataba umeandikwa “hairudishwi” kwa herufi kubwa.