Kutuma dokumenteri kwa festivali: yenye watu wa Goma wanaambiana na yenye iko kweli

Kila mara festivali fulani ikifungua kupokea filme, iwe ya hapa kwetu, Kigali, Kampala ao Zanzibar, grupu za WhatsApp za watu wa sinema Goma zinajaa washauri, na wengi wao hawajatuma filme fasi yoyote. Maneno ni yale yale kila mwaka, na mengine yanaua filme nzuri mbele hata mtu wa festivali hajaifungua.

"Kama haujue mtu ndani, hawakuchukui." Hii iko na nusu ya ukweli, na ile nusu njo inafanya watu waamini yote. Ni kweli festivali nyingi hazijazi programu na filme zilizotumwa tu, wale wanaochagua wanazunguka festivali zingine na wakiona kitu kimewapendeza wanamwalika mwenyewe moja kwa moja. Lakini zilizotumwa zinaangaliwa kweli, kwanza na watu wa kuchuja, wanapewa rundo la filme, wanaangalia usiku kwenye kompyuta huku wamechoka, kwa hiyo dakika zako za kwanza njo mjomba wako ndani. Ukianza na drone juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, dakika 3 nzima na piano ya huzuni, hata mimi ningepita. Nyiragongo wameshaiona. Chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, nazo wameziona.

Kamera kubwa? Achana nayo. Simu inapita, sauti mbaya haipiti, na jenereta ya jirani haitoki kwenye sauti hata umlipe nani.

Sasa ile inayonikasirisha: "Weka kwanza YouTube, wakiona umepata views watakutafuta wenyewe." Hapo njo filme nyingi za huku zinafia. Festivali kubwa zinataka ziwe za kwanza kuonyesha, na kuna madaraja: onyesho la kwanza duniani, la kwanza nje ya inchi yako, la kwanza Afrika, na filme ikishakuwa wazi mtandaoni kwa kila mtu unaweza kupoteza yote kwa siku moja. IDFA ya Amsterdam, iliyoanza 1988 na inayohesabiwa kubwa kuliko zote za dokumenteri, inaangalia sana jambo hilo kwa mashindano yake, na Berlinale, festivali ya Berlin, vilevile. Za karibu mara nyingi si kali hivyo, kuna zingine hata hazijali kama uliionyesha Bukavu mwaka jana, lakini YouTube ni kitu kingine, nani atatoka nyumbani na mvua kuja kuangalia kitu kiko kwenye simu yake bule? Kwa hiyo fikiria mpangilio mbele ya kutuma: ukianzia festivali ndogo, kubwa inaweza kukukatalia kwa sababu hiyo, ila ukianzia kubwa, ndogo itakupokea na kukushukuru. Kuwaonyesha wale uliowapiga filme, kwao nyumbani, bila afishi na bila tiketi, kwa kawaida haihesabiwi, basi usiwanyime. Na kipande kifupi cha kutangaza filme weka popote unapotaka, hakuna anayekataza.

Kuhusu lugha, bado kuna wanaoamini lazima watu waongee Kifaransa mbele ya kamera, na unaona mama wa soko ya Virunga anahangaika na Kifaransa cha shule wakati hadithi yake kwa Kiswahili ingekutoa machozi. Dieudo Hamadi wa Kisangani alipiga Maman Colonelle, juu ya polisi mwanamke aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, watu wanaongea vile wanaongea kila siku, na mwaka 2017 ilipita Berlinale kisha ikabeba zawadi kubwa ya Cinéma du Réel, festivali ya dokumenteri kule Paris. Kinachoombwa ni maandishi ya chini, yaani sous-titres, na hapo njo watu wanafanya uvivu. Mistari 2, isizidi, herufi kama 40 kwa kila mmoja, na ikae muda wa mtu kusoma hata kama aliyeongea alikimbiza maneno. Programu za kompyuta zinazoandika maneno zenyewe zinapotea kabisa kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa na Lingala katika sentensi moja, kwa hiyo tafuta mtu aliyekulia hapa akae nawe. Tena weka maandishi kwenye faili yake ya SRT, ile inayobeba maneno na muda wake tu, na ubaki na kopi ya filme isiyo na maandishi, maana ukichaguliwa wanaweza kuomba lugha nyingine.

"Wimbo chini ya sekunde 30 ni bule." Uongo, na sijui nani aliuleta mjini. Sheria yetu ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, haina zawadi ya sekunde 30. Wimbo una haki mbili, ya aliyetunga na ya aliyerekodi, na unahitaji zote, hata kama wimbo wenyewe ulikuwa unasikika tu kwenye baa nyuma ya mtu unayemuuliza maswali. Kwenye fomu ya kutuma unasaini kwamba haki zote unazo, na mwanasheria wao hatakuuliza wewe ulisikia nini kwenye WhatsApp. Bora umwite mpiga gita wa kartiye, akutungie, mukubaliane bei, musaini karatasi.

Pesa nayo inatisha watu bila sababu. FilmFreeway, ile site ya kutumia filme kwa festivali, ni mlango tu, bei inawekwa na festivali yenyewe, na kadiri tarehe ya mwisho inakaribia inapanda. Zingine hazilipishi, zingine ukiwaandikia mapema, mistari 4 ya adabu, unatoka wapi na filme inasema nini, wanakupa code ya kutuma bule. Wale wa kuogopa ni wale wanaotoa zawadi kila mwezi, hawana salle wala mji, kisha wanakuuzia kikombe chako mwenyewe. Laureli za hao, yale majani ya ushindi, mtu anayechagua filme za festivali anazijua, usizipange kwenye afishi.

DCP, ile faili ya kuonyesha filme kwenye salle ya sinema, haiombwi siku ya kutuma, usiuze simu yako juu yake. Wanaomba lien yenye neno la siri, Vimeo ao fasi nyingine, picha ya ubora wa 1080 inatosha. Mega zikiwa kidogo, pandisha usiku, kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine ambaye hajawahi kuingia kwenye akaunti yako, maana kwako itafunguka kila mara. Na neno la siri usilibadilishe! Wanaochuja wanaweza kuifungua miezi 2 baadaye, wakikuta imefungwa, wengi hawatakuandikia, wanapita kwa inayofuata.

Ukikataliwa, mara nyingi hawasemi kwa nini, na pengine ni kwa sababu walishapata nyingine juu ya jambo lile lile. Tuma kwingine. Angalia tu mwaka wa kumaliza filme, kwa sababu festivali nyingi hazichukui iliyozidi miaka 2, na FESPACO, festivali kubwa ya sinema ya Afrika kule Ouagadougou, yenyewe inakuja kila miaka 2, ukikosa moja, filme inaweza kuwa imezeeka mbele ya inayofuata.