Je, wajua kalamu ya kujaza wino hupimwaje kabla ya kuaminiwa kwa kazi za kila siku?

Katika maduka mengi yanayouza kalamu za kujaza wino, zile zenye nibu ya chuma iliyopasuliwa katikati, mteja akiomba kujaribu, muuzaji huichovya nibu katika chupa ya wino, huifuta kidogo, kisha humpa karatasi nzito na laini. Mteja huandika jina lake, hutia sahihi mara mbili tatu, hufurahia jinsi nibu inavyoteleza, na hulipa. Jaribio hilo si la uongo, ila linajibu swali dogo mno. Nibu iliyotoka kuchovywa imelowa wino wa kutosha mistari kadhaa, kwa hiyo hata kalamu mbovu itaandika vyema kwa muda huo. Kinachojulikana hapo ni ulaini wa ncha peke yake. Anayetafuta kalamu ya kuandikia mihtasari ya vikao, barua au masomo ya darasani anahitaji kujua kama wino utaendelea kuja kwa kiasi kilekile hadi mwisho wa ukurasa, na kama utakuja tena kesho kutwa baada ya kalamu kulala mfukoni.

Tofauti hiyo inatokana na namna kalamu yenyewe inavyofanya kazi. Biro ina wino mzito unaopakwa na kigololi kinachozunguka, ndiyo maana mwandishi hulazimika kukandamiza. Wino wa kalamu ya kujaza ni mwepesi karibu sawa na maji, na kwa kawaida hakuna vali yoyote inayouzuia kati ya hifadhi yake na karatasi. Unashikiliwa na mvutano wa kimiminika katika nafasi nyembamba, uleule unaopandisha mafuta ya taa katika utambi wa koroboi. Chini ya nibu kuna kipitishio, ambacho siku hizi kwa kawaida ni kipande cha plastiki chenye mfereji mwembamba, na mpasuo wa nibu nao huzidi kubana kadiri unavyokaribia ncha, hivyo wino huvutwa mpaka pale na kusimama, ukisubiri kuguswa na karatasi.

Wino unapotoka, nafasi yake sharti ijazwe na hewa, la sivyo ombwe hujengeka ndani na mtiririko hukoma. Hapo ndipo kalamu nyingi za mwanzo zilipokwama: ama zilikauka katikati ya neno, ama zilidondosha matone juu ya karatasi. Mwaka 1884 Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kipitishio chenye mifereji midogo iliyoiwezesha hewa kuingia huku wino ukitoka, na kalamu za leo bado zinafuata wazo hilo. Zile mbavu nyembamba zinazoonekana chini ya nibu nyingi za sasa zina kazi yake pia: hewa iliyo ndani ikipata joto na kutanuka, husukuma wino wa ziada, nao hunaswa kati ya mbavu hizo badala ya kuishia kwenye shati.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lenye maana ni kuijaza kalamu kabisa na kuandika kurasa mbili au tatu mfululizo kwa kasi yako ya kawaida, kisha kulinganisha mstari wa kwanza na wa mwisho. Ikiwa maandishi yalianza yamekolea na yakafifia katikati ya ukurasa wa pili, kipitishio hakiendi sawa na mkono. Usiihukumu papo hapo, kwani kalamu mpya mara nyingine hubaki na mafuta ya kiwandani; ioshe kwa maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, isuuze, uijaribu tena. Itazame na pampu ndogo ya kuvutia wino, ikiwa ipo, kwa maana wino huweza kung'ang'ania nyuma ya pampu na kuacha hewa mbele, hali ambayo huondoka kwa kuigongagonga kidogo.

Jaribio la pili ni kuiacha. Ifunike, ilaze, na usiiguse kwa siku mbili au tatu, kisha uandike neno moja bila kuitikisa. Hapa anayepimwa hasa ni kifuniko. Kampuni ya Platinum ya Japani ilipotoa kalamu yake ya 3776 Century mwaka 2011, iliweka ndani ya kifuniko kikombe kinachosukumwa na springi ili kuziba nibu, na inaeleza kwamba wino hubaki mbichi hata kalamu isipotumiwa kwa miezi 24. Utaratibu wa aina hiyo umo pia katika Preppy, kalamu ya plastiki ya kampuni hiyohiyo ambayo ni ya bei ya chini sana, jambo linaloonyesha kwamba sifa hii hainunuliwi lazima kwa fedha nyingi.

Kuna kalamu inayokataa kuanza ingawa haijakauka. Ikiwa inaruka mwanzo wa herufi hata ukiwa katikati ya sentensi, na hasa kwenye karatasi laini, huenda ncha imesuguliwa kupita kiasi kiwandani, kingo za ndani za mpasuo zikaviringika, wino ukawa haufikii karatasi. Hilo si kosa la kifuniko wala la wino, na dawa yake ni fundi au kurudisha kalamu dukani. Nibu inayokwaruza upande mmoja tu, kwa mfano ukichora umbo la 8, mara nyingi ina meno mawili, yaani pande mbili za mpasuo, yasiyolingana kimo, na kioo cha kukuzia kitakuonyesha jino lililozidi.

Kuhusu nibu ya dhahabu, nasema wazi kwamba kwa kazi ya kila siku sioni haja ya kuilipia. Dhahabu ya karati 14 ni asilimia 58.5 tu ya dhahabu halisi, na zamani ilipendwa kwa sababu haikuliwa na asidi ya wino, tatizo ambalo chuma kisichoshika kutu kimelipunguza sana. Zaidi ya hayo, kinachogusa karatasi katika nibu nzuri za aina zote mbili ni kitone cha aloi ngumu kilichounganishwa kwenye ncha.

Karatasi utakayojaribia iwe ileile unayoitumia. Madaftari mengi ya shule yana karatasi nyembamba inayonyonya, ambapo wino hutambaa pembeni mwa herufi na kutokeza upande wa pili. Nibu pana huzidisha tatizo, na nibu nyembamba hulipunguza. Kumbuka tu kwamba nibu nyembamba ya Japani kwa kawaida huchora mstari mwembamba kuliko ya Ulaya yenye alama ileile ya upana. Nao wino wa kawaida wa rangi hutawanyika ukidondokewa na maji, kwa hiyo anayejaza rejista au mikataba atafute wino wa kudumu, na akubali kuiosha kalamu mara kwa mara, kwani wino wa namna hiyo ukikauka ndani ni taabu kuutoa.

Mkono nao una haki yake. Lamy Safari, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1980 kwa kuwalenga wanafunzi, ina mashikio yenye bapa zinazoelekeza vidole mahali pake. Anayeshika kalamu hivyo huipenda, anayeshika vingine huchoka nayo haraka. Kabla ya kuilipia kalamu ya namna hiyo, ishike kwa dakika kumi nzima huku ukiandika, kifuniko kikiwa mahali utakapokiweka kila siku, kwa sababu kifuniko kilichochomekwa nyuma huhamisha uzito kuelekea nyuma.