Umepandikizwa Nywele? Mafuta ya Nazi Yasubiri Kidogo

Nilipandikizwa nywele siku sita zilizopita, sasa nimerudi nyumbani Kisumu. Kichwa kinaniwasha na kimejaa vigaga. Mama ameniletea mafuta ya nazi kutoka soko la Kibuye. Nipake?

Usipake bado. Kila kipandikizi kimekaa ndani ya kitundu kidogo cha ngozi, na kwa siku 7 hadi 10 za mwanzo hakijashika barabara. Ukipaka mafuta lazima utasugua, na ukisugua unaweza kuking'oa. Isitoshe, mafuta mazito hugandisha jasho na vumbi kichwani. Ukiongeza joto la hapo kando ya ziwa, ndipo vipele vya usaha vinapoanzia. Ukiwashwa, nyunyiza maji ya chumvi uliyopewa kliniki, usikune. Vigaga vitaanguka vyenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi, mradi unaosha ulivyoelekezwa. Mama mwambie asante, chupa iwekwe kabatini.

Itatoka kabatini lini?

Vigaga vikiisha, ngozi ikiwa imefunga, na daktari aliyekupandikiza akikubali. Usisahau kisogo, nywele zilikotolewa: nako kuna vidonda. Ikiwa ulikatwa ukanda wa ngozi ukashonwa, subiri kovu lifunge kabisa.

Mafuta yapi basi? Nasikia mbarika huotesha nywele.

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mbarika huotesha. Ni mazito, hunata, na kuyaosha kunahitaji kusugua sana. Mimi ningechagua nazi: huingia ndani ya unywele na kuupunguzia upotevu wa protini. Rosemari ni mafuta makali, hayapakwi matupu. Tia matone mawili matatu kwenye kijiko cha nazi, ujaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku nzima. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha mafuta ya rosemari na minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kwa miezi sita ulipata matokeo yaliyokaribiana, ila washiriki walikuwa na upara wa kurithi, hawakuwa watu waliotoka kupandikizwa. Na mafuta ya nazi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, usiyapake kichwani.

Rafiki yangu yuko wiki ya tano na nywele mpya zinapukutika. Mafuta yatazizuia?

Hayatazuia, wala hakuna haja. Unywele huanguka, mzizi ukabaki chini ya ngozi umepumzika. Huanza kuchipua tena karibu mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huchukua mwaka au zaidi. Wengi hujiharibia papo hapo: wanaingiwa na hofu, leo habasoda, kesho kitunguu, keshokutwa mchanganyiko wa jirani, mpaka ngozi inavimba. Akiona usaha, maumivu yanayozidi au homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kama huota makovu ya kuvimba hata akitoboa sikio, daktari wake alipaswa kuambiwa kabla ya upasuaji. Kama hakumwambia, amwambie sasa.